Niliionea Haya Kamera Yangu

Kosa langu nalitaja mwanzo ili msomaji asisumbuke kulitafuta. Nilikwenda kupiga picha za kupamba huko Kisauni nikiwa na kamera nisiyoijua, na ile niliyoijua nikaiacha nyumbani Likoni kwa sababu niliionea haya. Picha iliyotakiwa kuliko zote usiku ule ikaharibika mikononi mwangu. Nilipoulizwa, nilisema uongo. Na katika uongo huo nilimsingizia mtu asiyekuwapo kujitetea: nyanya mmoja mgonjwa, aliyeingia ukumbini akiwa ameshikwa mikono na wajukuu zake.

Sikuyaandika haya ili nihurumiwe. Kila msimu wa harusi unapokaribia, mabinti wanaoianza kazi hii huku kwetu Mombasa, upande wa bara, toka Mtongwe hadi Mishomoroni na Magongo, huniuliza swali moja: "Dada, ninunue bodi mpya?" Wanaposema bodi wana maana ya kamera yenyewe, bila lenzi. Jibu ninalowapa kwa simu ni fupi mno. Jibu kamili haliwezi kutolewa bila kusema nililolifanya, na nimelificha muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Kazi yangu ni picha za shughuli za wanawake. Aliyewahi kuingia kwenye kupamba anajua shughuli yenyewe ilivyo. Bi harusi hutolewa mbele ya wanawake wenzake, nywele wazi, hina mikononi na miguuni, dhahabu na asumini mwilini. Wageni wamevua mabuibui, wamejipamba, wanacheza bila wasiwasi. Mwanamume haingii. Mlangoni simu huzuiwa au hukusanywa, kwa kuwa hakuna mzazi anayetaka sura ya bintiye izunguke mitandaoni. Kwa hiyo mpigapicha huwa mwanamke, na mara nyingi kamera yake ndiyo ya pekee iliyomo ukumbini. Katika harusi za mchanganyiko, mpigapicha akikosa jambo, huenda binamu fulani alilinasa kwa simu yake. Kwetu sisi hakuna binamu huyo. Kilichokosekana kwenye kadi yangu kimekosekana moja kwa moja. Watu wananipa amana mara mbili: ya kuwahifadhia siri, na ya kuwahifadhia kumbukumbu. Ya kwanza sijawahi kuivunja. Ya pili niliivunja.

Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi na Canon 600D, kamera iliyoingia sokoni mwaka 2011, yenye megapikseli 18, pamoja na lenzi yake ya kawaida ya milimita 18 hadi 55. Niliinunua mtumba na ikanilipia kodi ya nyumba, karo ya mtoto, na dawa za mama. Niliijua hata gizani. Kidole kilikwenda penye kitufe bila jicho kuuliza. Wateja walirudi, na waliorudi walileta dada zao.

Kisha maswali yakaanza kubadilika. Zamani mama wa bi harusi aliniuliza bei na kama mimi ni mtu wa kuaminika. Siku hizi, kabla ya yote, unakuja ujumbe: "Unatumia kamera gani?" Wengine wameshasikia kwa jamaa kwamba kamera ya maana ni ile ya sensa kubwa (sensa ni kipande cha ndani kinachopokea mwanga), ambayo sisi huiita fulufremu, na wanataka kuhakikisha. Nilipojibu 600D, wapo walionyamaza na hawakuandika tena. Katika ukumbi mmoja wa Nyali nilisimama karibu na wenzangu wawili wenye bodi kubwa nyeusi, na mgeni mmoja akaniuliza kama mimi ndiye msaidizi wao. Usiku ule nilirudi nyumbani nikakata utepe mweusi, nikaubandika juu ya nambari ya kamera yangu. Nadhani kosa langu lilianzia kwenye utepe huo, wala si kwenye fedha.

Sababu niliyowapa watu, na niliyojipa mwenyewe, ilikuwa giza. Kumbi zetu nyingi huzimwa taa nyeupe na kuwashwa za zambarau na buluu. Ili nipate picha ilinibidi nipandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi 3200, na picha zikajaa chembechembe, rangi ya ngozi ikafifia, na weusi wa nywele ukawa kijivu. Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli. Ila sikujiuliza swali ambalo fundi yeyote hulianza nalo: tatizo linatoka wapi? Linatoka kwenye bodi, kwenye lenzi, kwenye taa, au kwangu mimi? Nilirukia jibu nililokuwa nalitamani, kisha nikatafuta hoja za kulitetea.

Jibu hilo lilikuwa Canon 6D. Ilitoka mwishoni mwa mwaka 2012 kwa bei ya dola 2,099, bodi tupu bila lenzi. Kufikia wakati nilipoitamani mimi, bei yake ya mtumba ilikuwa imeporomoka kwa sababu dunia ya kamera ilikuwa inahama. Canon walishatoa EOS R mwaka 2018, kamera isiyo na kioo cha ndani kinachoinuka picha inapopigwa, na Desemba 2021 mkuu wa kampuni aliliambia gazeti moja la Japani kwamba 1D X Mark III ndiyo ya mwisho katika kamera zao za juu zenye kioo. Waliohama walikuwa wanauza. Nikaiona ni bahati yangu. Sensa yake ni milimita 36 kwa 24, eneo lake ni zaidi ya mara mbili na nusu ya sensa ya 600D, na kila aliyeniuliza "unatumia gani?" ningemjibu bila kumeza mate.

Hata bei ya mtumba ilikuwa kubwa kwa mtu wa kipato changu. Nilichukua zamu yangu ya chama. Haikutosha. Nikachukua arbuni za harusi zilizokuwa zinakuja baada ya Ramadhani, fedha ambazo wenyewe walinipa ili niandalie kazi yao: usafiri, albamu, malipo ya msaidizi. Bado haikutosha, nikamwambia yule binti wa Bombolulu anayenisaidia kushika taa asubiri malipo yake hadi mwezi unaofuata. Alikubali kwa adabu, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake. Alikuwa na haki ya kukataa na mimi nilijua hangekataa. Hilo nalo naliungama: nilinunua heshima yangu kwa jasho la mtu mdogo kwangu.

Kamera ilitumwa kwa basi kutoka Nairobi nikaipokea Mwembe Tayari. Muuzaji alikuwa mkweli, bodi ilikuwa safi. Nilivuka feri nikiwa nimeikumbatia, nikafika nyumbani, nikachukua lenzi yangu ya 18–55 niivishe. Ikakataa kuingia.

Aliyeifanya kazi hii muda mrefu ataona ajabu kwamba sikulijua. Lenzi hiyo ni ya aina ya EF-S, iliyotengenezwa kwa kamera za sensa ndogo. Sehemu yake ya nyuma huingia ndani zaidi ya bodi, na katika kamera ya sensa kubwa kioo pia ni kikubwa, kikiinuka kingeigonga. Kwa hiyo Canon waliiunda ili ikatae kabisa kufungika. Alama yake ni mraba mweupe, na alama ya lenzi zinazoingia kote ni nukta nyekundu. Alama hiyo nilikuwa nimeitazama kwa miaka. Nilisoma mengi juu ya sensa, kasi na ISO ya 6D, na sikuuliza jambo la kwanza kabisa: lenzi niliyonayo itaingia?

Jambo la pili nililigundua usiku huohuo. 600D ina flashi ndogo inayofunguka juu ya kichwa chake. 6D haina. Waliotengeneza kamera hiyo walidhani anayeinunua anayo flashi yake ya pembeni. Mimi sikuwa nayo, sikuwahi kuihitaji, na fedha zilikuwa zimekwisha.

Nikampigia mwenzangu mmoja wa Changamwe, akaniazima lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8. Aliniletea siku moja kabla ya shughuli ya Kisauni. Nilipiga picha mbili tatu sebuleni, za mtungi wa maua na za mwanangu akiwa amekaa. Zilikuwa nzuri, nyuma pameyeyuka, macho yanang'aa. Nikaridhika.

Kesho yake jioni 600D ilikuwa mezani, betri imejaa, lenzi imefungwa, flashi yake tayari. Begi lilikuwa na nafasi. Msaidizi wangu akaniuliza, "Dada, ile nyingine hatuibebi?" Nikamwambia haina haja. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemwambia mamake bi harusi kwamba nimenunua kamera mpya, na kwa ajili hiyo nikamwongezea bei, naye akakubali. Sikutaka anione nimeshika ya zamani. Hiyo ndiyo sababu yote, na sina nyingine.

Tulivuka feri, tukapanda matatu, tukapita daraja la Nyali hadi Kisauni. Saa za mwanzo zilikwenda vizuri, nami nasema hivyo kwa haki. Picha za bi harusi akiwa peke yake zilikuwa bora kuliko zozote nilizowahi kupiga. Nilikuwa nimeshaanza kujipongeza moyoni.

Kisha akaingizwa nyanya. Walikuwa wamemtoa Changamwe kwa gari, mgonjwa, ili amwone mjukuu wake akiwa amepambwa na amwombee dua. Mjukuu alikuwa anaolewa Muscat, na siku chache zijazo angesafiri. Nyanya hakuweza kupanda jukwaani na kukaa sawa na bi harusi. Akawekewa kiti nyuma kidogo, upande wa kulia. Akainama, akanyoosha mkono, akauweka juu ya kichwa cha mjukuu wake, akaanza kusoma. Ukumbi wote ukanyamaza. Mamake bi harusi alinigeukia, hakusema neno, akanionyesha kwa macho tu: hiyo.

Nikafungua tundu la lenzi hadi mwisho, f/1.8, kwa kuwa taa zilikuwa hafifu. Nikaelekeza nukta ya katikati kwenye uso wa bi harusi, kwa sababu katika zile nukta 11 za 6D, ya katikati ndiyo inayoona vizuri gizani. Nikapiga picha kadhaa. Nikatazama kioo cha nyuma, zikaonekana safi. Sikuikuza hata moja kuikagua. Sikurudi nyuma hatua mbili. Sikubana tundu. Nyanya alimaliza dua, wajukuu wakamsaidia kuinuka, akarudishwa nyumbani.

Nilipozifungua picha hizo kwenye kompyuta, kila unywele wa kope za bi harusi ulionekana. Uso wa nyanya haukuonekana hata mara moja. Katika picha zote za dua, mahali pa sura yake pana kivuli laini tu, huwezi kusema anacheka au analia.

Nilizikabidhi kazi zote bila kulitaja. Mamake bi harusi alinipigia simu.

"Mwanangu, mbona nyanya haonekani uso? Nasi tulimtoa kitandani kwa ajili ya picha hii."

Nikamjibu, "Mama, zile taa za ukumbi zilikuwa mbaya. Halafu nyanya naye alikuwa anatikisika."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ni kweli, siku hizi mwili wake hutetemeka. Labda tulikosea kumleta usiku."

Ningeweza kumkatiza pale. Sekunde moja ilitosha. Nilimwacha mama wa watu akijilaumu kwa kumleta mamake kwenye harusi ya mjukuu, na nikakata simu nikiwa nimepona.

Kilichonifichua kwangu mwenyewe ni picha yenyewe. Nilikuwa nikiitazama tena na tena, nikitafuta kitu cha kuisafisha kwa programu, ndipo nikauona mkono. Mkono wa nyanya ulikuwa juu ya kichwa cha mjukuu, yaani umbali sawasawa na uso wa bi harusi, nao ulikuwa safi kabisa. Mishipa yake ilionekana, pete ilionekana, hata mikunjo ya vidole. Kamera ilikuwa imefungua pazia kwa moja ya 125 ya sekunde. Kama nyanya angekuwa anatikisika, mkono huo ndio ungeharibika kwanza. Mkono niliousingizia ulikuwa umetulia.

Hesabu yake ni rahisi na kila mwenye kamera anaweza kuifanya. Katika kamera ya sensa kubwa, lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa f/1.8, ukisimama mita 2 kutoka kwa mtu, sehemu inayokaa wazi mbele na nyuma ya macho yake haifiki shibiri moja. Ni kama sentimita 17 hivi. Uso wa nyanya ulikuwa nyuma zaidi ya hapo. 600D yangu na lenzi yake ya f/5.6, kwa picha ya ukubwa uleule, ingenipa zaidi ya nusu mita, na flashi yake ndogo ingeziba pengo la mwanga. Chembechembe zingekuwapo na vivuli vingekuwa vikali kidogo. Lakini nyanya angekuwa na uso. Kamera niliyoiacha mezani Likoni ingeipiga picha ile.

Baada ya hapo nikalirudia swali nililoliruka: tatizo la giza lilitoka wapi? Niliichukua lenzi ya zamani, nikaimulika kwa tochi toka upande mmoja nikatazama upande wa pili. Ndani ya vioo kulikuwa na nyuzi nyembamba nyeupe. Kuvu. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwaka mzima, na mimi nilikuwa naiweka kamera kwenye begi la kitambaa, ndani ya kabati, mara nyingine na leso yenye jasho juu yake. Ule weusi uliokuwa kijivu, ile rangi iliyofifia, kwa sehemu kubwa ilikuwa kuvu. Fundi mmoja mjini aliifungua akaisafisha, na alichonitoza hakikufika hata sehemu ya kumi ya bei ya bodi. Tangu hapo vifaa vyangu vinakaa ndani ya chombo cha plastiki kinachofunga kabisa, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na nikitoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi silifungui begi mpaka vifaa vipate joto la nje, maana lenzi baridi ikikutana na hewa ya Mombasa hutoka jasho.

Halafu mwanga. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8, mwanga unaoingia ni karibu mara 10. Kutoka sensa ndogo hadi kubwa, faida ni mara mbili na nusu hivi. Lenzi mpya ya 50mm f/1.8 ilipotoka mwaka 2015 iliuzwa dola 125, nayo ina nukta nyekundu, ingeingia kwenye 600D bila ubishi. Yaani kwa sehemu ndogo ya fedha nilizotumia ningepata mwanga mwingi zaidi, na kiasi kilichobaki kingenunua flashi ya pembeni ninayoweza kuielekeza darini au ukutani ili ilainike.

Yapo ambayo hata shilingi hayakuhitaji. Miaka yote hiyo nilipiga kwa JPEG, faili ambayo kamera imeshaamua rangi na kutupa sehemu ya taarifa, ilhali 600D hutunza RAW, inayoacha nafasi kubwa ya kurekebisha zile taa za zambarau baadaye. Nililijua jina la RAW, sikuwahi kujifunza kuitumia. Na ukubwa wa picha je? Megapikseli 18 hutoa picha ya upana wa inchi 17 ikichapwa vizuri. Megapikseli 20 za 6D hutoa inchi 18. Nilikopa fedha za watu kwa ajili ya inchi moja, na hakuna mteja aliyewahi kuniomba albamu ya upana huo.

Nimelifikiria sana lile swali la "unatumia kamera gani?" nikiwa kwenye feri. Sisi wa Likoni tuna historia pale. Miaka ya 1980 na 1990, kwenye njia ya kuelekea feri, walikuwapo wapigapicha wenye vibanda, wengi wao wakiwa wageni kutoka sehemu za ndani za Kenya waliokuja Mombasa kutafuta riziki. Mapazia yao yalikuwa ya kuchorwa: meli, ndege, majumba marefu, maua, bahari. Mtu aliyetoka kazini bandarini au anayerudi kwao kwa sikukuu alisimama mbele ya pazia akapigwa picha ya kupeleka nyumbani. Vurugu za Likoni za Agosti 1997 ziliwaangukia wao pia. Mtafiti Mjerumani Heike Behrend aliandika juu yao kwa kirefu, na picha zao zilifika hadi kwenye maonyesho ya Ulaya. Kamera zao hazikuwa na makuu. Walichokuwa nacho ni kumjua mteja anataka aonekane nani, kumsimamisha mahali mwanga unapofaa, na kutobonyeza kabla hajawa tayari. Mama yangu anayo picha ya pale, yuko mbele ya pazia la meli, na anapoionyesha huwa anasema alivyovaa na alikokuwa anakwenda. Kamera iliyoipiga hajaitaja hata siku moja.

Sisemi kwamba wateja wanakosea kuuliza. Wanalipa fedha zao, wanatafuta namna ya kujua watapata nini. Aliyekosea ni mimi niliyelisikia swali hilo kama hukumu. Mama anayeuliza kamera gani anauliza, kwa maneno aliyonayo, kama picha ya bintiye itatoka. Ningempelekea picha zangu za ukumbi wa giza azione, ningekuwa nimemjibu.

Nilikwenda Kisauni kusema ukweli. Niliahirisha kwa aibu, kisha nikaenda bila kupiga simu, nisije nikapata udhuru mwingine njiani. Nilimkuta mamake bi harusi barazani. Nilimweleza yote: kamera, lenzi ya kuazima, ile iliyobaki nyumbani, na bei niliyoiongeza. Nikamwonyesha ule mkono kwenye picha. Nikamwambia, "Mama, nyanya hakutikisika. Mimi ndiye niliyekosea, na nikamsingizia."

Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Ungeniambia siku ile, ningekasirika siku moja. Hii yote nimekuwa nikijiona mimi ndiye niliyemsumbua mamangu." Nilimrudishia nilichokizidisha na sehemu ya malipo mengine, akakipokea. Niliomba ruhusa nikampige nyanya picha nyumbani kwake, bila malipo. Wakanikubalia. Nilikwenda na 600D, lenzi imeshasafishwa, nikamweka karibu na dirisha mchana, uso wake ukatoka vizuri na familia ikaipenda. Lakini hiyo ni picha nyingine. Mjukuu yuko Muscat. Dua ile haikurudiwa, na familia ile haijaniita tena kwa kazi. Sioni kwamba nawadai kuniita. Binti wa Bombolulu nilimlipa malipo yake na kumwomba radhi, naye bado tuko pamoja. Sasa mimi humlipa kabla sijajilipa.

Kwa hiyo, dada yangu unayeuliza kama ununue bodi mpya, nakuomba uanze na picha ulizoharibu. Zichukue, uziweke mbele yako, uandike kando ya kila moja kilichoiharibu. Kama ni mtikisiko au giza, tazama kwanza lenzi na flashi. Kama ni rangi, jifunze RAW. Kama picha zimefifia zote, mulika lenzi kwa tochi. Kama kamera inashindwa kabisa kupata shabaha gizani hata kwa nukta ya katikati, au pazia lake limeshachoka (la 6D limekadiriwa mara 100,000), au mafundi wamekata tamaa nayo, hapo bodi ndiyo tatizo, nunua bila kuona haya. Kabla hujalipa, uliza kama lenzi zako zitaingia na kama ina flashi. Usitumie arbuni, arbuni si yako mpaka kazi ikabidhiwe. Na bodi mpya, iwe nzuri vipi, iende kwenye shughuli kadhaa ikiwa ya pili begini kabla haijawa ya kwanza mkononi.

Mimi mwenyewe sijaapa kutonunua tena. 6D ninayo, nimeijua, na kwa lenzi inayoifaa inafanya kazi nzuri. Hata hivyo ina nafasi moja tu ya kadi, na nimeeleza kwamba ndani ya ukumbi wa wanawake hakuna kamera nyingine ya kuniokoa kadi ikifa. Hiyo ni sababu ninayoweza kuisema mbele ya mteja yeyote bila kuificha kwa utepe. Naweka akiba ya bodi yenye nafasi mbili za kadi, kwa fedha zangu, na siku nitakayoipata 600D itaendelea kupanda feri pamoja nami.